Semina ya siri za mwanasheria wa kampuni: naipa nyota 4, ila kile kiolezo hapana

Juzi nimemaliza ile semina ya mtandaoni ya masaa sita ya sisi wanasheria tulioajiriwa ndani ya makampuni, mada ni kinga ya mawasiliano ya wakili na mteja, yani ni lini wachunguzi hawawezi kudai wasome ulichomshauri bosi wako. Kiukweli imenishtua, miaka yote niliamini leseni yangu ya uwakili inatosha.

Kesi ya Akzo, kampuni ya kemikali ya Uholanzi, ndo ilinifumbua macho. Wachunguzi wa Kamisheni ya Ulaya waliingia ofisini Manchester mwaka 2003 wakabeba makaratasi, ndani yake kuna meili mbili za meneja na mwanasheria wa kampuni, na huyo mwanasheria alikuwa wakili kamili aliyesajiliwa Uholanzi, lakini 2010 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikakataa kuzilinda, ikasema mtu anayelipwa mshahara na kampuni hana uhuru kama wa wakili wa nje, kwa hiyo kwenye uchunguzi wa Kamisheni wa ushindani wa kibiashara kinga hana. Wakati mahakama za Uingereza zinawalinda wote sawa, wa ndani na wa nje! Mkufunzi alilichambua hili taratibu mpaka likaeleweka. Na kesi ya Upjohn, kampuni ya dawa ya Marekani, ya 1981 ikaguswa, kwamba hata maongezi ya wafanyakazi wa chini na mwanasheria yanalindwa, ila matukio yenyewe hayafichiki, ukiulizwa kama ulilipa hongo huwezi kujibu "nilishamwambia mwanasheria" ukaishia hapo.

Pengo lipo kwenye kazi zetu za kila siku. Asubuhi unashauri sheria, mchana upo kikao cha bei, meili moja ina yote mawili, na hapo wakapita mbio dakika kumi tu!! Halafu kiolezo walichotugawia kinasema kila meili iandikwe juu "siri ya kisheria". Hapana jamani, ukiibandika mpaka kwenye ratiba ya vikao nani ataiamini, kinachoangaliwa ni meili iliandikwa kwa ajili ya nini. Kumkopi mwanasheria tu nako hakulindi kitu, hilo walilisema vizuri. Nimewaandikia wakirekebishe, bado sijajibiwa.

Kama kampuni yenu inafanya biashara Ulaya ichukueni, na mwende na meneja mauzo, maana zile meili wanaoziandika ni wao.