Darasa la sauti la jioni, Njiro: kwa ma-MC na waongoza watalii

Ma-MC wengi wa Arusha wanapaza sauti tu, wakidhani ndiyo kazi yenyewe. Darasa hili linafundisha wapi sauti ipande, wapi ishuke na wapi inyamaze, na kwa hilo linastahili ada yake.

Zoezi bora kuliko yote ni la neno "sawa". Ukilishusha haraka, umekubali. Ukilipandisha, unauliza kama umeeleweka. Ukivuta "sa" kisha ukashuka polepole, umesikia ila hujaridhika. Ukilikata ghafla, mazungumzo yamekwisha. Wenzako wanakaa wamekupa mgongo, hawaoni uso wako, na lazima wataje maana. Wakikosea, anayerudia ni wewe msemaji.

Linafuata "wageni wamefika". Ukitoa taarifa, sauti inateremka taratibu hadi mwisho. Ukiuliza, maneno ni yale yale ila sentensi nzima inakaa juu, na "fi" inapanda zaidi. MC akiteremsha mapema, ukumbi unapiga vigelegele, kumbe alikuwa anamuuliza mpambe.

Kila mmoja anarekodiwa kwa simu, kisha sauti inafunguliwa kwenye Praat, programu ya bure iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Amsterdam, ambayo inachora mpando na mshuko wake. Mwalimu yuko makini: anaweka mipaka ya kimo cha sauti, Hz (mitetemo kwa sekunde) 75 hadi 300 kwa sauti za kiume, 100 hadi 500 kwa za kike. Usiporekebisha hapo, programu inaweza kusoma sauti mara mbili ya ilivyo, au nusu yake, na mtu akakosolewa bure.

Kasoro zipo. Wanafunzi wanaambiwa wapandishe mwisho wa kila swali. Si kweli. "Unakwenda wapi?" limeshakuwa swali kwa "wapi", na kwa kawaida sauti hushuka. Ukipandisha mwisho, unasikika kama hukusikia jibu na unataka lirudiwe. Muongoza watalii akizoea hivyo, ataonekana hana uhakika na njia.

Maikrofoni nayo inakuja mwishoni kabisa, wakati ilitakiwa ianze mapema. Ishike umbali wa ngumi moja, pembeni kidogo ya mdomo, ili pumzi ya "p" na "b" isigonge spika. Kwenye kumbi zenye mwangwi punguza kasi na ongeza vituo, maana mwangwi unafunika mwisho wa sentensi, na mpando au mshuko wenye maana uko hapohapo.

Wanafunzi Wamaasai wangetumiwa zaidi. Lugha yao hutofautisha mtenda na mtendwa kwa toni, yaani sauti kupanda au kushuka kwenye nomino, kwa hiyo masikio yao yameshazoea kazi hii.

Ukijiandikisha, ulizia kundi dogo. Wakijaa watu ishirini, kwenye "sawa" utapata zamu moja tu.