Tuliuziwa safari ya taratibu, tukaletewa ratiba ya basi

Nina lawama moja kubwa, na hiyo ndiyo iliyoharibu mengine yote: siku ya Iringa, Kitulo na Matema. Zote tatu, siku moja. Mshauri wa safari za kifahari, anayetangaza kwamba hampeleki mtu mbio na anayetoza ada ya kupanga mbali na gharama za gari na malazi, aliandika kwenye ratiba kwamba tutatoka Iringa alfajiri, tutapanda Hifadhi ya Kitulo kuangalia maua, halafu tutalala Matema kando ya Ziwa Nyasa.

Nieleze kwa nini haiwezekani, maana wengine watauziwa hivyo hivyo. Iringa hadi Chimala ni karibu kilomita 250 za lami, na simu itakuambia ni mwendo wa saa nne. Simu haijui malori ya mizigo yanayokwenda mpakani Tunduma. Kuanzia Mafinga unakaa nyuma ya msururu usioweza kuupita, vibao vya 50 viko kila kijiji, askari wa tochi za kupima mwendo wamejificha baada ya kila kibao, na Makambako foleni ya mizani inamwagika barabarani. Ukitoka saa 12 asubuhi bila kusimama hata kwa chai, Chimala unafika saa 6 mchana. Pale ndipo inapoanza Hamsini na Saba, barabara ya kona 57 inayopanda kwenda Matamba. Msimu wa maua ya Kitulo ni Desemba hadi Aprili, na huo ndio msimu wa mvua. Asubuhi huwa pakavu kiasi, mchana ukungu unashuka na mvua inafuata. Udongo ukishalowa tairi zinateleza hata kwenye gari la kuvuta miguu yote minne, na dereva mwenye akili anapanda kwa gia ndogo bila kumpita mtu. Kwa hiyo Hamsini na Saba hupandwa asubuhi, basi. Sisi tulipangiwa kuipanda saa ileile ambayo wenyeji wanajitahidi wawe wameshashuka.

Dereva alisema mwenyewe, kwa adabu, "Mama, tukipanda sasa hivi juu hatutaona kitu. Afadhali tulale Mbeya, kesho tuanze mapema." Nikampigia mshauri. Huyu ni mtu ambaye kabla ya malipo kila ujumbe wake ulianza na "Kamwene", salamu ya Iringa, akiulizia afya ya kila mtu. Safari hii hakusalimia. "Hoteli ya Matema imeshalipwa. Mnachelewesha ratiba, mkikosa chumba ni juu yenu." Tunachelewesha! Nimelipa ili mtu anipangie safari ambayo haina kuchelewa, halafu nagombezwa kando ya barabara Chimala na mama yangu mzee akisikiliza.

Tukapanda. Juu, kwenye mita 2,600 hivi, ukungu ulikuwa umefunika uwanda wote. Tulimaliza lanchi boksi ndani ya gari, vioo vimefungwa kwa baridi. Kutoka kwa upande wa Isyonje ni tope na mashimo hadi ukutane na lami ya Tukuyu, halafu Kyela, halafu Ipinda, gizani. Unashuka zaidi ya mita 2,000 kwa jioni moja, kutoka kwenye sweta hadi kwenye joto na mbu, na mwili wa mzee haupendi mabadiliko ya namna hiyo.

Nikiwa mkweli, mengine alijua. Fomu yake ya maswali ni nzuri kuliko nyingi: aliuliza magoti ya mama, dawa anazotumia, nani analala na nani, nani hali nyama gani. Kwa sababu ya magoti alitoa Ziwa Ngozi, lile la kreta, maana mwisho wa kule kupanda ni mwinuko mkali na utelezi, akaweka Daraja la Mungu, lile la mwamba wa asili, ambako gari linafika karibu. Hifadhi ya Ruaha aliipanga vizuri sana. Kibali cha hifadhi kinahesabiwa saa 24 tangu unapoingia getini, kwa hiyo alituingiza alasiri, tukapata mzunguko wa jioni, tukalala ndani, tukapata wa asubuhi, tukatoka kabla ya muda kwisha. Alituambia wazi pia kwamba nyasi zikiwa ndefu wanyama hujificha, tutegemee ndege zaidi. Kwa hayo nilikuwa nimempa nyota tatu.

Lakini kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona kosa halikuwa la hesabu tu. Kitulo hakuna hoteli ya kifahari. Matamba kuna nyumba ndogo za wageni, maji ya moto unaletewa kwa ndoo, na hifadhini kuna sehemu za kupiga kambi. Aliogopa kutulaza pale, akaifanya Kitulo kuwa mahali pa kupita njiani. Angeuliza, tungekubali ndoo. Mpango wa haki ulikuwa huu: Iringa hadi Mufindi, ulale kwenye mashamba ya chai, Mufindi hadi Chimala, upande asubuhi ya pili yake, ulale Matamba usiku mbili, ili ukungu ukikunyima siku moja ubaki na nyingine, halafu Mbeya au Tukuyu, ndipo Matema. Na Matema ufike ijumaa, kwa sababu jumamosi ndiyo gulio la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo. Sisi tuliondoka ijumaa asubuhi. Vyungu hatukuviona.

Mwenye bajeti ya Iringa na Ruaha pekee anaweza kumtumia. Hapana, hata huyo asubiri kwanza. Baada ya safari nilimwandikia nikimuuliza kama yeye mwenyewe amewahi kupanda Hamsini na Saba kipindi cha mvua, na kama atarudisha walau kiingilio cha Kitulo. Alinijibu kwa picha ya maua, bila neno. Muulizeni swali hilo kabla hamjalipa. Nyota moja.