Unasafiri huku miche bado midogo? Nunua hiki, hiki acha dukani

Nianze na kitu ambacho wauzaji hawasemi: vifaa vingi vya kumwagilia ukiwa safarini vimetengenezwa kwa ajili ya ua kubwa lenye mizizi iliyoshashuka chini, sa wewe una trei ya miche ya wiki 2, mizizi iko sentimita 2 au 3 tu kutoka juu, na udongo wa juu ndo unaokauka wa kwanza. Kale katundu ka trei kanabeba udongo wa vijiko vichache, jua likiwaka asubuhi jioni kameshakuwa vumbi. Na ukisema basi ngoja niloweshe kwelikweli kabla sijaondoka, kinyausi nacho kinakusubiri, yaani kashina kanalegea pale usawa wa udongo, mche unalala kama umepitiwa na wembe na hapo hauinuki tena. Kwa hiyo tunatafuta kitu kinacholeta unyevu kidogo kidogo, sio kinachomwaga.

Kabla hujatoa hela pima kwanza miche yako inakunywa kiasi gani. Mwagilia, subiri maji ya ziada yachuruzike, weka trei kwenye mizani, rudi kesho saa ileile upime tena. Gramu 1 iliyopungua ni mililita 1 ya maji, basi. Trei ikipungua gramu 300 kwa siku na unaondoka siku 10, hizo ni lita 3, ongeza na moja ya tahadhari. Ukishajua hiyo namba nusu ya vitu vilivyopo dukani unaviona havikufai hata kabla hujasoma boksi.

Namba 1 kwangu, bila kufikiria mara mbili, ni mkeka wa unyevu, ule wa kitambaa kizito kama felti. Trei inakaa juu yake, ncha moja ya mkeka inazama kwenye chombo cha maji hapo chini, maji yanapanda yenyewe na udongo unanyonya kupitia matundu ya trei. Hakuna betri, hakuna koki, na udongo unachukua kile unachohitaji tu. Ila kuna masharti. Udongo uwe umeshalowa tangu mwanzo, mkeka nao uuloweshe wote kwa mkono, kwa sababu udongo mkavu haunyonyi vizuri hata uuwekee ziwa zima chini. Trei iguse mkeka kabisa, zile zenye vimiguu chini hazifai. Na maji yasikae mbali sana chini, mi sizidishi sentimita 15. Chombo kifunike, ukiacha wazi utarudi ukute maji ya kijani na viluwiluwi vya mbu.

Ndugu yake mkeka ni utambi, kamba inayotoka kwenye ndoo kuingia kwenye kikopo kimoja kimoja, nzuri kama miche yako ni michache na iko kwenye vikopo. Hapa niliwahi kuumia, nilinunua kamba ya nailoni nyeupe inang'aa nikaona ah hii haiozi, nikafunga mizigo, narudi siku ya 6 ndoo imejaa vilevile na miche imekuwa majani ya chai. Ile kamba ilikuwa laini mno, hainyonyi kitu. Siku hizi nachovya ncha kwenye maji yenye rangi kidogo, nasubiri nusu saa, rangi isipopanda kamba hiyo ni ya kuanikia nguo. Pamba inanyonya vizuri ila baada ya wiki kadhaa inaanza kuoza, kwa safari moja haina shida.

Namba 2 ni dripu yenye taima, yaani mipira inayodondosha maji tone tone, na kifaa cha kwenye koki kinachofungua na kufunga maji kwa saa ulizopanga. Kama miche umeshahamishia bustanini au unaondoka zaidi ya wiki 2 basi hii inapanda namba 1, sibishi. Ila soma boksi vizuri mahali pa presha, maana hapa ndo watu wanapigwa. Taima nyingi za kufunga kwenye koki zina vali inayotegemea presha ya maji ili ifanye kazi, mara nyingi kuanzia ba 0.5 hivi (ba ndo kipimo cha presha), sa wewe una pipa juu ya meza ya mita 1, hiyo ni ba 0.1 tu, vali haifunguki au inafunguka halafu haifungi, na hilo la pili ni baya zaidi. Kama unatumia pipa tafuta taima iliyoandikwa inafanya kazi kuanzia ba 0. Filta usiiache, punje moja ya mchanga inaziba tundu na mche mmoja unakufa peke yake huku wenzake wanashangilia. Matone ya lita 2 kwa saa yanatosha, dakika 3 ni kama mililita 100, kwa mche mdogo hiyo ni nyingi tayari. Betri mpya kila safari, usinunue taima ya gharama halafu ukabania betri.

Namba 3 ni misumari ya udongo wa kuchoma, ile unachomeka chini halafu unapachika chupa juu yake. Udongo ukikauka inavuja, ukilowa inapunguza, kitu safi kabisa. Shida yake inachukua nafasi, kwenye trei haiingii, na kwenye kikopo ukiichomeka unakata mizizi. Iache kwa mche ambao umeshapata chungu chake.

Vyungu vyenye tangi chini navipa namba 4. Vizuri sana, ila mche hauvifaidi mpaka mizizi ikue, miezi ya mwanzo lazima umwagilie juu kwa mkono, sa safari yako si iko wiki ijayo?

Zile chupa za duara za kioo zenye shingo ndefu, pendeza macho tu. Udongo ukiwa mwepesi maji yanaisha usiku mmoja, ukiwa mzito shingo inaziba na matope hakuna kinachotoka kabisa. Na zile chembechembe za jeli zinazovimba ndo za mwisho kabisa, haziongezi maji, zinashika tu yale uliyomwaga, na ukizidisha zinavimba zinausukuma mche nje ya kikopo.

Chochote utakachochagua kifunge siku 4 kabla ya safari ukiwa bado upo, na miche iondoe juani iweke penye mwanga wa kivuli, hapo peke yake unapunguza maji mengi tu. Kuhusu jirani, mi namweka kati ya namba 2 na 3, ila simwachii ndoo, maana jirani mwenye huruma anaua miche kuliko ukame. Namwachia chupa za kunyunyizia nimeshazijaza, kila moja imeandikwa siku yake, ikiisha imeisha.