Saiba ya Kondele iliyoniharibia picha za mazishi

Bado nina hasira, mnivumilie. Nilipeleka picha za marehemu mama mkwe kwenye saiba moja hapa Kondele, Kisumu, wanichapie programu ya mazishi. Rangi zao hutoka vizuri, hilo siwanyimi.

Flashi yangu ilikuwa tayari kwenye mashine. Kijana wa kazi akachomeka na ya mteja mwingine, akafungua folda. Nimesimama nyuma yake, naona faili ambayo jina lake linaishia .jpg, lakini kwenye safu ya aina pameandikwa kwamba ni programu ya kompyuta. Nikamwambia, "Kijana wangu, usifungue hiyo, hiyo si picha." Hata kugeuka hakugeuka. "Mathe, picha haina virusi. Keti kwenye benchi, nitakuita." Akabofya. Hakuna picha iliyotokea. Akabofya tena! Kufumba na kufumbua, picha zangu zote zikawa shotikati tupu, yaani vijipicha vya njia ya mkato, zisizofunguka, na tunazika wiki hiyo hiyo.

Mtu anayepokea faili za watu kutwa nzima anakosaje kujua hili? Windows yenyewe huficha mwisho wa jina la faili usipoibadilisha. Kwa hiyo harusi.jpg.exe, ambayo hilo .exe la mwisho ndilo linaloonyesha ni programu ya kompyuta, inakujia kama harusi.jpg, na aliyeitengeneza huibandika kijipicha chochote atakacho. Kuyafichua majina kamili ni kuweka tiki moja tu kwenye menyu ya folda. Moja!

Na hata hilo la "picha haina virusi" si kweli. Septemba 2023 Google ilirekebisha brauza yake ya Chrome haraka haraka kwa sababu picha halisi kabisa ya aina ya WebP ingeweza kutumiwa kuingilia kompyuta. Aprili 2025 ikawa WhatsApp ya Windows: faili inaonekana picha, ukiifungua inaendeshwa kama programu. Kinga ya hayo ni kusasisha, na brauza ya mashine ile ilikuwa inaomba kusasishwa mbele ya macho yetu, kijana anaufunga ujumbe bila kuusoma.

Nilikuwa nimeapa kuwaambia msikanyage pale kabisa. Lakini kuna dada mmoja wa kaunta, na lazima niseme haki yake. Alikuja bila kuitwa, akanipa pole ya msiba, akaihamisha flashi kwenye mashine nyingine na kuandika amri ya attrib, ile ya kufichua faili zilizofichwa, kwenye lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Picha zikarudi zote. Kumbe hazikuwa zimefutwa, zilikuwa zimefichwa tu. Akaziweka kando, akaisafisha flashi, na programu ikatoka safi hata ndugu wa Siaya wakaisifu. Kwa ajili yake nikawa nimepoa. Nikasema basi, nendeni, ila mumtafute yeye.

Kisha wakati wa kulipa mwenye duka akaongeza shilingi 300 kwenye hesabu, "za kutoa virusi." Virusi walivyonitia wao wenyewe, nikiwaonya! Nililipa kwa sababu gari la maiti lilikuwa linangoja pesa zake na sikuwa na nguvu ya kubishana. Hapana. Msiende. Dada, ukisoma hii, tafuta kazi kwingine, wateja tutakufuata.