Usipa wa Kyela na dagaa wa Kigoma sio ndugu

Watu wangu wa Mbeya, pale Mwanjelwa ukikuta sado mbili zimepangana, moja usipa moja dagaa wa Kigoma, usidhani ni samaki mmoja katoka maziwa mawili, hapana, ni koo mbili tofauti kabisa.

Usipa kitaalamu ni Engraulicypris sardella, yuko ukoo mmoja na kambare? Hapana, huyu ni wa upande wa mbasa wetu wa Kyela, na dagaa wa Mwanza naye yuko huko huko. Duniani kote huyu usipa asili yake ni Ziwa Nyasa tu, basi.

Wa Kigoma sasa, hao ni sadini kweli kweli, ukoo wa samaki wa baharini, na wako wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Wote asili yao Ziwa Tanganyika, ila huyo Limnothrissa alibebwa na watu akapandikizwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950 na baadae bwawa la Kariba miaka ya 1960, akazaana huko mpaka leo anavuliwa.

Kuwatofautisha chukua mmoja mbichi, pitisha kidole tumboni kutoka mkiani kwenda kichwani. Wa Kigoma anakwaruza kama msumeno mdogo, usipa tumbo laini.

Kwa mboga mimi nachagua usipa, tena wa kukaanga na nyanya nyingi, na roho inaniuma nikisikia mtu anamwita "dagaa tu" wakati asili yake ni ziwa moja tu.