Mbolea ya majani yenye boroni, shaba na zinki kwenye ngano: uzoefu wangu

Chupa ya mbolea hii, ambayo hunyunyiziwa kwenye majani, inatangaza kwamba "huongeza maua kwenye suke". Nimeitumia kwenye ngano yangu huku nikiacha ukanda usionyunyiziwa ili nipate cha kulinganisha, na maoni yangu ni kwamba bidhaa yenyewe inafaa, ila tangazo lake linapotosha.

Ngano haina upungufu wa vijiua, yaani maua madogo ya suke. Kisuke kimoja, yaani kifungu kidogo cha vijiua kwenye suke, kinaweza kuanzisha 10 au hata zaidi, lakini vinavyotunga punje kwa kawaida havizidi 5, kwa kuwa vingi hufa kabla ya suke kuchanua, wakati shina linaporefuka kwa kasi na kugombania chakula na suke changa. Mbolea ya majani, basi, inaweza tu kusaidia vijiua vilivyosalia visiwe tasa, na hapo ndipo boroni na shaba zinapohitajika: zikipungua wakati chavua inapoundwa, yaani ngano inapobeba mimba (suke likiwa bado limefungwa ndani ya ala ya jani la juu), chavua huwa dhaifu na punje haitungi. Tena boroni haihami kwa urahisi kutoka majani ya zamani kwenda kwenye suke, hivyo iliyonyunyiziwa mapema mno haitalifaa suke ambalo bado limejificha chini.

Katika sehemu ya shamba yenye kichanga, ambako vipimo vya udongo vilionyesha boroni kidogo, tofauti ilikuwa dhahiri. Masuke ya ukanda usionyunyiziwa yalikuwa na vijiua vilivyobaki wazi, na ukiyainua juu, mwanga ulipenya mahali palipopaswa kuwa na punje. Yale yaliyonyunyiziwa jani la juu kabisa lilipomaliza kufunguka yalijaa vizuri zaidi. Kwenye udongo mzito wenye mboji ya kutosha sikuona tofauti yoyote, wala sikushangaa, kwani mmea usio na njaa ya madini hauna cha kunufaika nacho.

Hata pale ilipofanya kazi, ongezeko la uzito wa mavuno lilikuwa dogo kuliko ongezeko la idadi ya punje, kwa sababu punje zikiwa nyingi, wastani wa uzito wa kila moja mara nyingi hupungua. Muuzaji hatakueleza hilo.

Maelekezo ya chupa yanaruhusu kunyunyizia tena wakati wa kuchanua. Mimi sioni faida yake: chavua imeshaundwa, na kijiua kilichokuwa tasa hakirudi. Kipimo kilichoandikwa nacho kisizidishwe, maana boroni inayotosha na inayodhuru haziko mbali, na unyunyiziaji ufanywe asubuhi au jioni, kwani jua kali huunguza ncha za majani.

Naipa nyota 3 kati ya 5, na nitaendelea kuinunua kwa ajili ya sehemu ya kichanga peke yake.