Uzoefu wangu na mwerezi wa buluu wa Atlasi katika bustani ya nyumbani

Nimenunua mwerezi huu mara mbili katika kitalu kimoja hapa Portland, Oregon. Wa kwanza, niliouweka ardhini mwaka 2018, ulikufa kabla ya kutimiza mwaka. Wa pili niliupanda Oktoba 2019 ukiwa na kimo cha mita moja na nusu, na leo umevuka mita tatu na nusu na unazidi kurefuka. Naandika kwa ajili ya wenzangu wanaofikiria kuununua, kwa sababu ni mti wa bei, na yaliyonigharimu ule wa kwanza ningeweza kuyaepuka.

Sisi tuliokulia nyanda za juu za Kenya tumezoea kuuita mtarakwa "sida", na nguzo zake ndizo zilizozungushiwa mashamba ya wazee wetu, lakini mtarakwa ni wa ukoo mmoja na msaipresi. Huu ni mwerezi hasa, ndugu wa ile mierezi ya Lebanoni tunayoisoma katika Biblia, na asili yake ni milima ya Moroko na Aljeria. Kwa hiyo ni mti wa Afrika, jambo ambalo kwangu lina uzito wake. Sindano zake fupi huota kwa mafungu, mfano wa vibrashi vidogo vilivyopangwa juu ya tawi, na buluu yake hutokana na nta inayozifunika: ukiisugua sindano kwa kidole gumba, buluu hufutika na kijani cha chini huonekana. Asubuhi ya ukungu, bustani nzima ikiwa imefifia, mti huu huonekana kana kwamba una mwanga wake.

Mti wa kwanza uliuawa na maji. Udongo wetu ni mfinyanzi mzito, na mvua za hapa huanza Oktoba na kuendelea hadi majira ya kuchipua. Muuzaji alinishauri nichimbe shimo refu na kulijaza mboji, nami nikamtii. Shimo lile likageuka kuwa mtungi, likateka maji ya mvua na kuyashika miezi mitatu. Kufikia Februari ncha za matawi zilikuwa zimepoteza buluu na kuwa kijivu, kisha zikageuka njano. Nilipoung'oa, nilikuta mizizi myeusi yenye utelezi, na bado ilikuwa imejizungusha kwa umbo la chungu ilimotoka, kama ngata ya kubebea maji kichwani.

Kwa mti wa pili nilijenga tuta la udongo uleule wa bustani, kimo cha sentimita 40 na upana wa mita mbili. Nilifungua mizizi kwa mikono, nikaikata ile iliyojizungusha, na kuhakikisha kwamba kiungo cha kubebeshea (kwa kuwa miche mingi ya aina hii hubebeshwa, yaani kitawi chake huunganishwa na shina la mche mwingine) kimebaki juu ya ardhi. Nilitandaza magome yaliyosagwa bila kuyagusisha shina, na katika viangazi viwili vya mwanzo niliumwagilia polepole mara moja kwa wiki. Baada ya hapo sikuumwagilia tena. Tarehe 28 Juni 2021 joto la Portland lilipofika nyuzi 46.7 za selsiasi, na majani ya miti mingine uani yakababuka, mwerezi huu haukuungua hata ncha moja. Barafu ya Januari 2024 ilivunja tawi moja tu. Sindano za ndani zilipoanza kugeuka njano na kupukutika msimu mmoja wa kuchipua niliingiwa na hofu kubwa, lakini zilikuwa sindano kuukuu zinazopisha mpya, nayo ni kawaida ya mti huu.

Lalamiko langu kubwa ni kibandiko. Kimo na upana vilivyoandikwa ni vya mti wa miaka 10, na maelezo hayo yamechapwa kwa herufi ndogo mno, ilhali mti uliokomaa hupita mita 18 kwenda juu na huweza kutanda mita 9 hadi 12. Katika mtaa wetu upo mmoja uliopandwa mita mbili kutoka ukutani. Wenyewe wamelazimika kuukata matawi yote ya upande wa nyumba, na umbo la piramidi, ambalo ndilo uzuri wa mti huu, limepotea kabisa. Wangu niliuweka mita saba kutoka ukutani. Mwenye uwanja mdogo asishawishike pia na ile aina ya matawi yanayolegea kwa kudhani ni mti mdogo: isiposhikizwa kwa mti wa kuegemea na kupogolewa, hutambaa na kutwaa nafasi kubwa.

Nautunuku mwerezi wenyewe nyota tano, na kitalu tatu. Ukienda kununua, mwombe muuzaji autoe mche chunguni mbele yako uione mizizi kabla hujalipa. Akikataa, tafuta kitalu kingine.